Naichunga Saa ya Baba Mpaka Saa Kumi

Makongeni, Nairobi
Alhamisi mchana

Mama yangu,

Saa ya baba iko hapa mbele yangu kwa meza, inatembea, na mimi nimeambiwa nisiiguse. Tuliiweka sawa na redio wakati wa habari za saa saba. Sasa naichunga mpaka redio ipige tena saa kumi. Ikiwa iko pamoja na redio, Baba Mdogo ataivaa aende kazini. Ikiwa imekimbia, nimwamshe, ataenda kumwambia inspekta mwenyewe kwamba hana saa, na kama ni kumtoa kwa treni, wamtoe.

Amelala nyuma ya pazia. Hakoromi, kwa hivyo najua hajalala.

Mama Mdogo ameona vile nakaa, mikono inaenda kwa saa inarudi, inaenda inarudi, akanitupia hii karatasi na kalamu. Akasema, "Andikia mama yako. Hiyo mikono ipate kazi nyingine kabla haijatumaliza." Ndiyo maana unapata barua na mwisho wa mwezi haujafika. Usishtuke mama. Hakuna mgonjwa hapa, hakuna aliyekufa. Mimi ni mzima, chakula nakula. Wewe mguu wako unaendeleaje? Ule uvimbe umerudi chini ama bado unavaa kiatu cha wazi? Na wewe Rispa unayemsomea mama, soma polepole na usiruke mahali. Nakujua.

Wacha nianze pale ilianzia.

Unakumbuka ile siku ya kugawa vitu vya baba, wazee walimfungia Baba Mdogo ile saa kwa mkono. Walisema mimi bado nilikuwa mtoto, na mtu wa reli bila saa ni kama mlinzi bila rungu. Tangu siku ile haivui, labda akioga. Mimi sikuwa najua kazi yake ni ya namna gani mpaka nilipokuja hapa. Yeye ni gadi, mama. Anapanda behewa la mwisho kabisa, dereva yuko mbele kabisa, na katikati ni mizigo mpaka macho yanachoka. Hawaonani. Reli yenyewe ni moja, treni ya kwenda na ya kurudi zinapishana kwa stesheni, kwa hivyo kila mtu lazima ajue ni wakati gani wa kutoka na wakati gani wa kungoja. Kabla ya safari, dereva na gadi wanasimama chini ya saa kubwa ya stesheni, kila mtu anatoa mkono wake, wanalinganisha. Saa ya gadi si urembo.

Sasa hii ya baba ikaanza kulala. Inatembea, inasimama, ukiitikisa inaamka. Dereva wake, mtu mmoja mnene wa kupenda mzaha, akawa anamwambia, "Gadi, hiyo saa yako ni kama mke wa pili, mpaka uibembeleze." Baba Mdogo anacheka kazini, lakini akifika hapa hachekani na mtu.

Najua unauliza, kwa nini hakupeleka kwa fundi wa saa mjini? Mama, huyo ndugu wa baba unamjua. Anasema mafundi wa mjini ukiwaachia saa nzuri wanatoa mashini ya ndani, wanakuwekea mbovu, wewe unaenda nyumbani umevaa kopo. Anasema aliona kwa macho yake saa ya rafiki yake ikirudi haijijui. "Saa ya ndugu yangu haitalala kwa kibanda cha mtu," akasema. Na pale alipokuwa amekaa akageuka akaniangalia mimi.

"Wewe Enos. Si ulifungua redio ikaimba?"

"Ilikuwa waya tu, Baba."

"Na hii pia ni waya tu. Fungua."

Nilitaka kukataa. Lakini unanijua, mimi mtu akiniambia neno, jibu langu linakuja akishaondoka.

Haya maneno ya kufungua redio nimeyaona kwa Njoroge. Ni fundi wa redio, mtu wa Murang'a, ana kibanda chake nyuma ya soko hapa karibu. Zile siku nikienda godauni na nisichukuliwe kibarua, mimi nakaa pale kwa kigoda naangalia mikono yake. Hanifukuzi. Anasema mimi ni mteja mzuri sababu silalamiki. Wakati mwingine ananipa redio nipulize vumbi. Hiyo ndiyo shule yangu yote. Saa sikuwa nimewahi kufungua hata moja.

Basi nikaanza. Njoroge aliniazima kibano chembamba. Bisibisi nilijitengenezea na spoku ya baiskeli, nikaisugua kwa saruji mpaka ncha ikawa kama ukucha. Nikatandika shuka nyeupe juu ya meza na ncha yake nyingine nikaingiza kwa kola ya shati yangu, ili kitu kikianguka kianguke kwangu, kisiende chini. Mama Mdogo akasema nafanana na mtoto wa kunyolewa.

Mfuniko wa nyuma ulifunguka na kisu cha mezani. Mama, ungeona. Kuna gurudumu moja dogo linakwenda na kurudi, linakwenda na kurudi, na chini yake kuna uzi wa chuma umezungushwa mviringo kama konokono, mwembamba kuliko unywele. Huo uzi unapumua. Unafunguka, unafunga, unafunguka. Nilikaa nikiangalia mpaka chai ikapoa. Nilifikiri baba alivaa hii kitu miaka yote akichuma majani ya chai na hakuwahi kuona vile inafanya ndani.

Kwa upande wa ndani wa mfuniko kulikuwa na alama ndogo imekwaruzwa na sindano. Baba Mdogo alipoiona akapiga meza. "Si unaona? Mtu amepita hapa! Wameshabadilisha!" Baadaye Njoroge aliniambia kila fundi akifungua saa anaacha alama yake, ni kama kusaini, si wizi. Lakini hilo sikumpelekea Baba Mdogo.

Ilikuwa uchafu, mama. Vumbi limeshikana na mafuta ya zamani, yamekuwa kama gundi. Niliosha na petroli ndani ya kifuniko cha soda, kitu kimoja kimoja, na kila kitu nikakifunika na glasi ili upepo usichukue. Ule uzi wa kupumua sikuutoa, niliogopa. Nikaweka mafuta ya cherehani ya Mama Mdogo kwa ncha ya sindano, kidogo hata huwezi kuona. Mpaka hapo nilikuwa nimefanya vizuri. Narudia hiyo kwa sababu mambo yaliharibikia karibu na mlango wa kutoka.

Wakati wa kufunga, skrubu moja iliruka kutoka kwa kibano. Haikuanguka kwa shuka. Ilipita juu ya bega langu. Skrubu yenyewe ni kama mbegu ya wimbi. Tulipiga magoti wote, Baba Mdogo, Mama Mdogo na mimi, tukipapasa sakafu kama watu wa maombi. Mimi nikakumbuka vile Njoroge anafanya. Skrubu ikimponyoka, anachukua sumaku ya spika mbovu anapitisha chini, skrubu inakuja yenyewe. Na mimi nilikuwa nayo moja, alinipa, nimeiweka kwa sanduku langu. Nikapitisha chini ya kitanda mara moja tu, tik, skrubu hii hapa. Baba Mdogo akanipiga mgongo akasema, "Huyu ni damu yetu." Mimi nikafurahi, nikaendelea na kazi, na ile sumaku nikaiweka hapo hapo kwa meza karibu na saa. Skrubu zingine nikazibandika juu yake, nikawa nazitoa moja moja, maana hapo hazikimbii.

Nikafunga. Ikatembea. Baba Mdogo akaiweka kwa sikio, akampa Mama Mdogo aiweke kwa sikio, akatoka nje nayo mpaka kwa jirani yetu Mama Atieno. Huyo mama akapiga kelele plot yote ikasikia: "Haya! Mluhya ametengeneza saa! Sasa ugali utakuwa unaliwa kwa ratiba!" Watu wakacheka, maana hapa Mluhya hatajwi bila ugali, hata mimi nikacheka, na Baba Mdogo akaivaa akaenda safari ya Mombasa.

Aliporudi hakusalimia mtu.

Aliingia nyuma ya pazia na Mama Mdogo, wakaongea. Hii nyumba unaijua kwa barua zangu, chumba ni kimoja, pazia halizuii kitu. Nikasikia yote. Treni ilisimama kwa stesheni moja ndogo kule porini kungoja nyingine ipite. Baba Mdogo akaangalia saa yake, wakati wa kungoja umeisha, umepita hata, na ukiisha hivyo ile nyingine ndiyo inapaswa kungoja kule mbele. Akatoa bendera ya kijani, akapunga. Dereva hakusonga. Akapunga tena. Dereva akashuka kwa mashini yake, akatembea ule urefu wote wa treni mpaka behewa la mwisho, akamuuliza, "Gadi, unataka kutuua? Yule mwingine hajafika." Baba Mdogo akamwonyesha saa. Dereva akaweka yake kando. Ya baba ilikuwa mbele mpaka ungechemsha chai ukanywa. Dereva akasema, "Saa yako imeshafika Mombasa, imeoga, inatungoja huko."

Wengine walicheka. Baba Mdogo anasema yeye alikaa chini, kwa sababu ile treni nyingine alikuja kuiona ikipita, na ilikuwa na watu.

Hiyo habari ilimfikia inspekta. Hakumfokea. Alimwambia pole pole, "Alhamisi jioni kuja na saa. Nitaishika mimi mwenyewe chini ya saa kubwa mpaka treni iwe tayari. Saa ikitoka kwa mstari, bendera unaniachia. Na ile nyumba ni ya gadi, si ya mtu wa kufagia, hiyo unajua." Alhamisi ni leo, mama. Nyumba ndiyo hii naandikia ndani yake. Kazi ikienda, meza hii inaenda, sisi wote tunaenda, na watoto wa Baba Mdogo walioko shule huko kwa bibi wanarudishwa kwa kukosa karo.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Aliweka saa mezani mbele yangu, akasema, "Iangalie tena," akaenda kuosha uso.

Nilikimbia kwa Njoroge. Nilimkuta anachoma waya.

"Sasa Enos, mambo?"

Nilimwekea saa kwa mkono. Akaisikiliza, akafungua nyuma, akainamisha kichwa. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Skrubu ilianguka?"

"Ilianguka."

"Ukaiokota na nini?"

Nikaangalia spika zake mbovu, akaelewa. Akacheka mpaka akafunga macho. "Wewe! Hiyo ni ya redio! Saa haiokotewi na sumaku, umeilewesha!" Akanionyesha ule uzi mwembamba. Ulikuwa umeshika sumaku, haupumui vizuri. Mizunguko yake ilikuwa inashikana, mmoja unavuta mwenzake, kwa hivyo uzi umekuwa kama mfupi, na ukiwa mfupi gurudumu linakimbia. Nilimuomba aitengeneze yeye. Akafunga mfuniko akanirudishia.

"Hapana. Mzee wako si ndiye anatangaza hapa Makongeni kwamba mafundi wanabadilisha mashini? Ikifa kwa mkono wangu, nitaambiwa nimeuza. Mimi saa ya huyo mzee siigusi. Nitakupa dawa, lakini daktari ni wewe."

Dawa yenyewe ni koili ya kutoa sumaku, waya mwingi umezungushwa kama donati, alitoa kwa transfoma kubwa ya zamani. Inaingizwa kwa stima, umeme huu wa taa. Saa unaipitisha katikati, unaanza kuivuta nje pole pole, pole pole, mpaka mkono uishe urefu, ndipo unazima. Alinishika shati akasema, "Nisikilize. Stima ikizimika na saa bado iko ndani, utakuwa umeilewesha zaidi ya mwanzo. Usizime. Usiruke. Hata nyumba ikiungua, wewe vuta kwanza."

Nilifanya hivyo leo asubuhi. Mama Mdogo alienda kwa majirani mlango kwa mlango kuwaomba wasiwashe pasi wala jiko la stima, maana hapa fyuzi yetu wote ni moja na ikilemewa inaruka. Mama Atieno akamuuliza, "Kwani kunazaliwa mtoto?" Mama Mdogo akamjibu, "Ni karibu hivyo." Nikawasha. Koili ililia kama nyuki ndani ya chupa. Nikaingiza saa, nikaisikia inatetemeka kwa vidole vyangu, nikaanza kuvuta. Nilipokuwa nimefika nusu, taa ya juu ikafifia. Ikawa nyekundu. Mama, sikupumua. Mkono ulitaka kuruka nikauambia usiruke. Taa ikarudi. Nikavuta mpaka mwisho, nikazima, nikakaa chini.

Nilifungua nyuma kuangalia. Uzi ulikuwa unapumua tena, kila mzunguko na nafasi yake. Lakini macho yangu si redio. Ndiyo maana tuliiweka sawa na habari za saa saba, na ndiyo maana naichunga.

King'ora cha karakana ya reli kimelia sasa hivi, kile cha kuwarudisha watu kazini saa nane. Nimeangalia saa. Ilikuwa imeshapita kidogo, kama pumzi mbili tatu. Nimemwambia Mama Mdogo. Amesema, "Usimhesabu huyo wa king'ora. Akishiba anachelewa." Sijui kama amesema hivyo kwa sababu ni kweli ama kwa sababu anaona jasho langu linaanguka kwa karatasi.

Redio yenyewe haina sauti sasa. Betri zimechoka, tumezitoa tukaziweka dirishani kwa jua zipate nguvu kidogo za saa kumi. Redio imebaki kopo tu hapa kwa meza, karibu na

Mama, nimesimama kidogo. Nimerudi.

Saa ilikuwa karibu na redio. Niliiweka hapo mwenyewe saa saba ili nisikie vizuri ile pi pi pi, na sikuiondoa. Nikaona redio haina betri, haina sauti, ni kama imekufa. Lakini ndani kuna spika, na spika ina sumaku, na sumaku haizimwi. Ilikuwa hapo kando yake, kiganja changu hakijai katikati. Muda wote huu nakuandikia.

Saa nimeiondoa na kitambaa nikaiweka huku kwa kiti, mbali. Nikamwita Mama Mdogo nikamwambia. Alikuwa anasonga, akabaki na mwiko juu.

"Imeshika?"

"Sijui."

"Si urudie ile koili?"

"Nimemrudishia Njoroge. Na yeye amefunga kibanda ameenda mjini kutafuta vifaa."

Akaangalia pazia, akainama kwa sikio langu. "Basi nyamaza. Baba yako asisikie."

Kutoka nyuma ya pazia: "Nimesikia."

Ugali ukaanza kuungua, Mama Mdogo akaurudia. Nikangoja Baba Mdogo aseme neno lingine, anitukane, anifukuze. Akasema tu, "Andika barua yako, Enos." Sasa naandika. Sitaki kuangalia kiti. Kutoka hapa nasikia inaenda, na nikisikiliza sana naona kama inaenda mbio, nikijilazimisha naona kama inaenda sawa. Sikio haliwezi kusaidia mtu anayeogopa.

Wacha nikuulize ya nyumbani basi. Lile paa la jikoni lilitengenezwa? Mahindi yameshatoa ndevu? Nilisikia kwa mtu wa huko kwamba mvua ilipita na upepo. Na yule ng'ombe mweusi, kama bado anapiga teke, mfunge mguu wakati wa kukamua, usimwonee huruma. Mimi kazi ya godauni nachukuliwa siku zingine, siku zingine hapana. Hapa mjini watu wanaongea haraka, vijana wa rika langu wananiita "bubu wa ushago", yaani wa kijijini, lakini hawanipigi. Kanisani naenda. Nakaa nyuma.

Jua limeshuka kwa dirisha. Mama Mdogo amechukua betri, ameziweka. Redio nimeipeleka juu ya kabati, mbali kabisa. Naweka kalamu.

Sasa nakuandikia haraka mama, nimesimama, karatasi iko kwa ukuta.

Betri hazikutosha. Redio ilisema maneno mawili ikalala. Mama Mdogo akapiga ukuta na mwiko. "Mama Atieno! Ongeza sauti!"

"Mnataka kucheza saa hizi?"

"Tunataka saa!"

Akaongeza. Baba Mdogo akatoka nyuma ya pazia na fulana, hajavaa viatu, akaja akasimama nyuma yangu, nikasikia pumzi yake kwa shingo. Kwa ukuta ikaja ile pi, pi, pi. Mimi macho yalikuwa kwa ule mshale mwembamba wa sekunde. Ulikuwa umeshapita juu. Si sana. Ulikuwa umepita kama mtu aseme "Bwana asifiwe" na mwingine amjibu "Amina."

"Imekimbia?" akauliza.

Ningesema hapana, mama. Yeye macho yake ya karibu si mazuri, hakuona ule mshale. Na Mama Mdogo alikuwa ananiangalia vile mtu anakuangalia akitaka useme hapana. Lakini nilikumbuka ile treni nyingine aliyosema ilikuwa na watu.

"Imekimbia, Baba. Kidogo."

"Kidogo ya namna gani?"

Nikamwambia ile ya Bwana asifiwe. Nikamwambia sijui kama ni ile saa yenyewe ndivyo ilivyo, maana Njoroge anasema hakuna saa bila dhambi, ama ni spika imeanza kuishika tena na itazidi njiani. Nilisema yote hayo kwa mara moja. Nafikiri sijawahi kumwambia maneno mengi hivyo.

Alikaa kwa kitanda akavaa soksi. Akavaa viatu. Akafunga vifungo vya koti la kazi mpaka juu. Kisha akanyoosha mkono kwangu, nikairudisha saa nyuma kile kidogo ilichokimbia, nikamfungia. Mkono wake ulikuwa baridi. Akasema, "Inspekta aione vile ilivyo. Nitamwambia vile umeniambia, na nitamwomba niilinganishe kila stesheni. Akikubali, akubali. Akikataa, amekataa na ukweli."

Akafika mlangoni akasimama. Hakugeuka. Akasema, "Vaa viatu, twende wote mpaka stesheni. Nikikataliwa sitaki kutembea hii Makongeni peke yangu watu wakiniangalia."

Kwa hivyo lazima niende sasa, yuko nje ananingoja na taa yake ya treni mkononi, na Mama Mdogo amefunga chakula cha njia kama siku zote, kana kwamba hakuna kitu. Barua naitumbukiza kwa sanduku njiani, maana nikiibakisha sitaimaliza. Nisalimie bibi aliyenipa blanketi, mwambie bado inanipa joto. Nisalimie mjomba anayetuchungia shamba la mpakani, na shangazi wa kule mtoni, na mzee wa kanisa aliyetuombea wakati wa baba. Rispa, umesoma vizuri, mpe mama maji anywe.

Mama, akikubaliwa, atapanda treni na mimi nitarudi hapa peke yangu. Akikataliwa, tutarudi wawili.

Niombee nirudi peke yangu.

Ni mimi mtoto wako,
Enos